Jinsi Viambishi Tamati Vinavyobadili Irabu za Maneno ya Kiingereza

Hatua ya kwanza ni kukitazama kiambishi tamati kabla ya kulitazama shina, kwa kuwa ndicho kinachoamua iwapo irabu itabadilika. Viambishi -ness, -less, -ful na -ly havigusi irabu ya shina: kind ikiwa kindness, "ai" husalia. Hivi visikusumbue.

Hatua ya pili inahusu viambishi kama -ity na -al, ambavyo mara nyingi hufupisha irabu ya shina. Divine hutamkwa kwa "ai" mwishoni, lakini divinity ina "i" fupi mahali pale pale. "I" ndefu ya serene huwa "e" katika serenity. Na "ei" ya nation huwa, katika national, sauti iliyo kati ya "a" na "e". Chanzo ni cha kihistoria: kuanzia karne ya 15 irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika sana kimatamshi, ilhali zile fupi hazikuguswa kwa kiasi hicho, na kwa kuwa tahajia haikufuata mabadiliko hayo, herufi moja ikabaki na sauti mbili.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi, ni kutafuta mkazo. Katika photograph mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, katika photography uko kwenye ya pili, na katika photographic uko kwenye ya tatu. Irabu ya silabi inayopoteza mkazo aghalabu hufifia: "o" ya kwanza ya photography haisikiki tena kama "ou". Katika Kiswahili pia mkazo husogea, kama katika piga na pigana, lakini "i" hubaki "i"; ndiyo maana wengi wetu huzitamka irabu zote kwa uzito sawa.

Maswali ya wanachama

*Mbona obesity haifuati hatua ya pili?*
Ni kweli, sauti "i" ya obese hubaki ndefu katika obesity. Kanuni hii ina maneno yanayoikaidi, na hayo hukaririwa tu.

*Je, nomino ya pronounce huandikwa kwa "ou"?*
Hapana. Huandikwa pronunciation, na "au" ya kitenzi huwa sauti fupi iliyo karibu na "a".

*Kwa nini hopping ina "p" mbili na hoping ina moja?*
Kiambishi -ing hakibadili irabu, hivyo tahajia huilinda: konsonanti mbili huonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni fupi, kama ilivyo katika hop.