Umepewa Koloni: Namna ya Kusimika Serikali Bila Watu wala Fedha

Nikifundisha ukoloni sianzi na lile jedwali la "utawala wa moja kwa moja" (mkoloni anatawala kwa maafisa wake mwenyewe) na "utawala usio wa moja kwa moja" (anatawala kupitia machifu wenyeji). Wanafunzi hulikariri, hulimwaga kwenye mtihani, na wiki inayofuata ukiwauliza liwali ni nani wanatazamana. Mimi nawapa kazi. Nawaambia: leo wewe ni gavana. Mwaka ni 1891, umeteremka Dar es Salaam. Nchi uliyopewa inakaribia mara mbili ya Ujerumani yenyewe, Wazungu wako ni wachache, nusu yao wana homa, na wabunge kule Berlin hawataki kusikia habari ya pesa. Haya, tawala.

Hapa chini nimeweka maelekezo niliyoyakusanya kwa kuangalia Wajerumani walivyofanya kweli, pamoja na pale walipoharibu. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo mifano mingi inatoka huku kwetu. Watu wa Bukoba na Songea wataniwia radhi.

Tafuta karatasi kwanza

Kabla ya askari na kabla ya bendera, unahitaji karatasi. Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani mwenye kampuni ya kutafuta makoloni, na wenzake wachache walivuka kutoka Unguja, na hadi Desemba walikuwa na mikataba ya Usagara, Uzigua, Unguru na Ukami. Chifu Mangungu wa Msovero alitia alama yake tarehe 29 Novemba, kwenye maandishi ya Kijerumani yaliyosema anatoa nchi yake yote, na haki zake zote, milele.

Wanafunzi huuliza: sasa Mangungu alielewa nini? Swali zuri, lakini gavana mtarajiwa aulize lingine: karatasi ile iliandikwa isomwe na nani? Si Mangungu. Ilikuwa ya kusomwa Berlin, kisha London. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya kuilinda kampuni ya Peters, na mikataba ile ikawa nchi. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipopinga, Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake Unguja. Akakubali. Karatasi hutangulia, lakini mzinga usiwe mbali.

Usiipe kampuni kazi ya serikali

Hapa wanafunzi wangu huteleza palepale alipoteleza Bismarck, Kansela wa Ujerumani. Wanasema: tuwaachie wafanyabiashara watawale, gharama iwe juu yao.

Mwaka 1888 Sultani aliyemfuata Barghash, Sayyid Khalifa, aliikodishia kampuni ya Wajerumani utawala wa mrima, yaani pwani ya bara, kwa miaka 50. Agosti wakaja kukabidhiwa. Pangani aliletwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na jina lenyewe linatosha kukueleza alivyokuwa. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, forodha iwe yake, na wenye mashamba waandikishe ardhi zao na kuonyesha kuwa ni zao. Imeandikwa pia kwamba aliingia na mbwa msikitini wakati wa Idi. Fikiria mji wa matajiri wa miwa na misafara, wenye kadhi wao na liwali wao, unaambiwa na karani wa duka uthibitishe kuwa shamba la babu yako ni lako.

Abushiri bin Salim akainuka Pangani, Bwana Heri akainuka Sadani, na baada ya muda mfupi kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Bunge la Ujerumani, lile lisilotaka kusikia habari ya pesa, likapitisha mark milioni 2. Hermann Wissmann akaja na askari Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Wajerumani wakamlipa Sultani mark milioni 4 ili mrima uwe wao kabisa, na tarehe 1 Januari 1891 kampuni ikawekwa kando, serikali ikashika nchi. Ukipiga hesabu, utawala wa bei nafuu ulikuwa ghali kuliko wa bei ghali.

Azima, usijenge

Hii ndiyo hatua ninayokaa nayo sana, kwa sababu vitabu vingi vya shule huipita mbio. Vinasema Wajerumani walileta utawala wa akida. Hawakuleta. Waliukuta.

Chini ya masultani wa Unguja, miji ya pwani ilikuwa na liwali, aliyesimama badala ya Sultani. Akida alikuwa mkubwa wa askari. Jumbe alikuwa mkubwa wa watu wa mji au kijiji, na wa ukoo mara nyingi. Mjerumani aliingia humo kama mpangaji anayehamia nyumba yenye samani tayari. Alibadilisha tu mpangilio: juu akaweka afisa wake wa wilaya ndani ya boma, chini yake liwali wa mjini, kisha akida wa kusimamia vijiji kadhaa, kisha jumbe. Pwani yote, kuanzia Tanga, Pangani, Bagamoyo na Dar es Salaam hadi Kilwa na Lindi, ilipangwa hivyo. Bara, pale Mpwapwa, Tabora, Mwanza, waliweka kwanza vituo vya jeshi, na Iringa na Mahenge zilikuwa bado chini ya wanajeshi mpaka vita vya 1914 vinaanza.

Ukitaka kuona mtambo ukifanya kazi, kaa barazani kwenye boma siku ya mashauri. Mzungu yuko mezani. Watu humwita bwana shauri. Ubavuni ameketi liwali na wazee wawili watatu wanaojua mila na sheria, maana yeye mwenyewe hajui kama mbuzi wa mahari hurudishwa mke akiondoka. Karani anaandika. Nyuma amesimama askari na kiboko. Mashauri ni ya madeni, mipaka ya minazi, wake waliotoroka, wapagazi waliolipwa pungufu. Akihukumiwa mtu viboko, ni hamsa ishirini, na jina hilo limewaganda Wajerumani hadi leo. Mwaka 1896 Kansela wa Ujerumani aliandika amri kwamba visizidi 25 kwa mara moja. Amri iliyokusudiwa kupunguza ukatili ikageuka kipimo rasmi.

(Afisa wa wilaya huku kwetu Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa pia mpenda maua. Alitoa Usambara ua dogo la zambarau, na wataalamu wa mimea wakaliita Saintpaulia. Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Wanafunzi wangu hawaamini mpaka nitoe picha.)

Azima pia lugha. Mzungu wa boma hawezi kujifunza Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kidigo. Kiswahili kilikuwa kimeshafika Ujiji na misafara, kina waandishi, kina mahesabu. Kwa hiyo serikali ilifungua shule Tanga mwaka 1892, shule ya serikali na si ya misheni, kwa sababu wazazi Waislamu wasingepeleka watoto wakabatizwe. Waliotoka pale walikuwa makarani, walimu, wakalimani na baadaye maakida. Gazeti la *Kiongozi* lilichapwa hapohapo. Karani wa Tanga aliweza kupelekwa Mahenge na barua zake zikasomeka Dar es Salaam.

Na azima hela. Ninayo pesa moja ya shaba ya kampuni, ndogo, imechakaa, nawazungushia wanafunzi mkononi. Upande mmoja kuna tai wa Kijerumani. Geuza: maandishi ya Kiarabu, "Sharikat Almania", na mwaka wa Hijria. Mtu wa sokoni Tanga mwaka 1890 alikuwa amezoea rupia na pesa za India na za Sultani, basi kampuni ikatengeneza pesa zilezile, 64 kwa rupia. Serikali ilisubiri hadi 1904 ndipo ikadiriki kugawa rupia kwa heller 100.

Weka kodi, kisha angalia nani anatoka nyumbani

Kodi ya kibanda ilitangazwa 1897 chini ya Gavana Liebert na kuanza kudaiwa 1898. Vijijini, rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka, mjini zaidi. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa nafaka au kwa kazi. Usidhani lengo lilikuwa rupia tatu tu. Rupia tatu hazioti mgombani. Lazima uuze kitu au uuze nguvu zako, na upande wa Usambara tayari kulikuwa na mashamba ya kahawa na mkonge yanayolia kukosa vibarua. Kodi iliposhindwa kuleta vibarua wa kutosha, kilikuja kipande: kadi ya siku 30, na kila mwanamume aliyepewa alitakiwa kuzimaliza kwa Mzungu ndani ya miezi minne.

Sasa angalia mnyororo. Rupia inatoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa jumbe, jumbe kwa akida, akida kwa boma. Kila mkono ulishika fungu lake, la halali au la haramu. Jumbe aliyekuwa mzee wa watu wake, anayesuluhisha na kugawa ardhi, sasa anagonga milango akiwa na askari. Umepata mtoza kodi wa bei rahisi. Umempoteza mzee.

Mahali mtambo ulipovunjikia

Kile kilichoazimwa pwani kilifanya kazi pwani kwa sababu kilikuwa cha pwani. Wajerumani wakakibeba kwenda Umatumbi, Uzaramo, Ungindo, mahali ambako hapakuwahi kuwa na akida. Akida aliyepelekwa huko mara nyingi alikuwa Mwarabu au Mswahili, mgeni wa lugha na wa makaburi ya pale. Juu ya kodi wakaongeza mashamba ya pamba ya lazima. Watu walilima siku zao, na malipo yalipokuja yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi walikataa kuyapokea.

Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, dawa iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, yalikuwa yameshasambaa kutoka ukoo hadi ukoo. Yeye alinyongwa mapema Agosti, lakini vita hivyo vya Maji Maji viliendelea hadi 1907, kusini nzima mpaka Ungoni. Angalia walioshambuliwa mwanzoni: pamba, maakida, na wote waliofanya kazi chini yao. Jeshi lilijibu kwa kuchoma maghala na mashamba. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, wakijumlisha njaa, wametaja hadi 300,000.

Palipokuwa na mfalme mwenye nguvu, gavana mwerevu hakupeleka akida. Rwanda, Burundi na Bukoba ziliwekewa mkazi, Mzungu wa kumshauri mwami au mkama, na kodi ikasubiri. Richard Kandt aliketi Kigali, mwami Musinga wa Rwanda akaendelea na enzi yake. Kihanja, upande wa Bukoba, mkama Kahigi aliijua kazi ya bunduki za Wajerumani kuliko wao wenyewe, akaitumia kupanua nchi yake. Kwa hiyo dola moja, kwa wakati mmoja, ilitawala kwa njia zote mbili za jedwali. Ndiyo sababu silipendi jedwali.

Huku kwetu walijaribu yote kwa zamu. Vugha, mji wa wafalme wa Usambara, walimnyonga mfalme Mputa mwaka 1895, wakamweka Kinyashi. Kinyashi akajiuzulu baada ya miaka michache, wakaleta maakida. Wakaja Waingereza. Gavana Donald Cameron alifika 1925, mwaka uliofuata akapitisha sheria ya mamlaka za wenyeji, akaamuru maakida waondoke na machifu "wa asili" watafutwe. Usambara walimtafuta wakampata: Kinyashi yuleyule. Boma, karani, Kiswahili na kodi havikuguswa.

Ukitaka kulifanya zoezi hili darasani

Wagawe wanafunzi makundi ya watu watano au sita: mmoja gavana, mmoja akida, mmoja jumbe, waliobaki wenye nyumba. Wape wenye nyumba punje za mahindi, waambie gavana anahitaji kumi kufikia mwisho wa kipindi, na asitoke kwenye kiti chake. Usiwafundishe kitu kingine. Kabla ya kengele, waulize wenye nyumba punje ngapi walitoa, kisha gavana alipokea ngapi. Tofauti iandike ubaoni, na mwiteni jumbe aieleze.