Jirani anauguza? Usiishie kwenye "nitakuombea"

Jamani sisi walokole tuna kaneno ketu, "nitakuombea", afu tukifika getini tumeshasahau hata jina la mgonjwa. Yakobo 2:15-16 alishalisema hili, ndugu hana nguo wala chakula cha siku afu we unamwambia nenda kwa amani ukaote moto na kushiba, sasa imemfaa nini?

Basi jirani akiwa na mgonjwa hospitali fanya hivi. Usimuulize "unahitaji nini", wengi watakujibu tuko poa tu kwa aibu, we angalia mwenyewe, watoto wamekula? maji yapo? nani anawapeleka shule? Beba uji kwenye chupa ya chai, sukari usitie mpaka ujue kama mgonjwa ana kisukari, na usimsahau anayemuuguza maana yeye ndo analala kwenye kiti na hakuna anayemkumbuka kwa chakula. Hela tuma kwa simu kimya kimya na uongeze ya kutolea, ukiirusha stetasi watu waone basi ndo ushapata thawabu yako, Mathayo 6 iko wazi kabisa. Huna hela? Kafue nguo, au shika zamu usiku mmoja mwenzio akaoge alale.

Kuomba omba, ila kwa ufupi na sauti ya chini, wodini kuna wengine wamelala (na nesi anasubiri kuchoma sindano). Afu usiende siku ya kwanza tu, nenda wiki ya tatu, hapo ndo watu wameshakata mguu na bili inazidi kupanda.