Namna ya Kuhifadhi Kidijitali Madaftari ya Zamani ya Hospitali ili Yafae kwa Utafiti wa Tiba

Mwaka 1911, katika kaunti ya Hertfordshire nchini Uingereza, mkaguzi wa wakunga aitwaye Ethel Margaret Burnside aliweka utaratibu wa kupima kila mtoto anayezaliwa na kuandika daftarini uzito wake, namna alivyolishwa, na uzito wake tena alipotimiza mwaka mmoja. Mwaka 1989 David Barker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyotokana na madaftari hayo. Waliwafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya mwaka 1911 na 1930, wakaona kwamba wale waliokuwa na uzito mdogo kabisa walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa kwa wingi zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Burnside hakuweza kulijua swali ambalo lingeulizwa miongo kadhaa baada yake. Yeye aliandika kwa uangalifu, na wengine wakayatunza aliyoyaandika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhifadhi nyaraka, tabibu au mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekabidhiwa shehena ya madaftari ya wodi, rejista za uzazi au vitabu vya maabara, na anayetaka yaingie katika kompyuta bila kupoteza thamani yake ya kitabibu. Jambo moja nitalirudia mara kwa mara, kwa kuwa nimeona likipuuzwa kuliko yote: picha ya ukurasa, maandishi yaliyonakiliwa kutoka ukurasani, na tafsiri ya kitabibu ya maandishi hayo ni vitu vitatu, na kila kimoja kinapaswa kuhifadhiwa peke yake. Anayenakili huku anatafsiri huzika makosa mahali ambapo hakuna atakayeyafukua.

Kabla ya kugusa karatasi

Anza na ruhusa. Fahamu nani ni mmiliki wa kumbukumbu hizo, nani ana mamlaka ya kuzifungua, na kamati ipi ya maadili ya utafiti itapitia ombi lako. Usisubiri hadi picha ziwe tayari ndipo upeleke maombi, kwa maana kitendo chenyewe cha kupiga picha ukurasa wenye jina la mgonjwa tayari ni kushughulikia siri yake.

Baada ya hapo hesabu ulicho nacho. Andika idadi ya madaftari, miaka yanayohusu, lugha, aina ya wino na hali ya kila daftari. Yenye ukungu yatengwe mara moja, na anayeyashika avae barakoa na glavu. Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65, kwa hiyo chumba chenye unyevu kitaendelea kuharibu madaftari hata wakati kazi inaendelea. Karatasi safi, kwa upande wake, hushikwa kwa mikono iliyonawiwa na kukaushwa vizuri. Glavu za pamba, ambazo watu wengi huzihesabu kuwa alama ya uangalifu, huondoa hisia ya vidole na kuchana kingo za karatasi zilizokauka.

Ukikuta filamu za eksirei ndani ya shehena, simama. Filamu za miongo ya mwanzo ya karne ya 20 huenda zikawa za nitrati, ambazo huwaka kwa urahisi na kutoa gesi yenye sumu. Tarehe 15 Mei 1929, filamu za namna hiyo zilishika moto katika Cleveland Clinic nchini Marekani, na watu 123 wakafa. Filamu zinazoshukiwa ziwekwe mbali na joto, na aitwe mtaalamu. Zisipitishwe kwenye skana na mtu asiyezijua.

Kupiga picha

Daftari lililojalidiwa lisilazimishwe kulala wazi kabisa, kwani mgongo wake utavunjika. Lilaze juu ya mihimili miwili laini inayolishikilia katika umbo la herufi V, kisha piga picha kwa kamera iliyofungwa juu yake badala ya kulibana kwenye kioo cha skana. Mwanga utoke pande zote mbili kwa usawa.

Ufafanuzi wa nukta 300 kwa inchi unatosha kwa maandishi ya kawaida, ila mimi napendelea 400, kwa sababu madaftari ya hospitali yana alama ndogo sana: nusu, robo, vistari vya chati za joto, herufi za mwanzo za jina la muuguzi. Piga kwa rangi hata kama ukurasa unaonekana kuwa na wino mweusi peke yake. Wauguzi wengi waliandika vifo au joto la usiku kwa wino mwekundu, na picha isiyo na rangi huifuta tofauti hiyo moja kwa moja. Katika kila kundi la picha weka rula na kadi ya rangi pembeni mwa ukurasa, ili atakayekuja baadaye aweze kujua ukubwa na rangi halisi.

Nakala kuu ihifadhiwe katika muundo wa TIFF usiobanwa, yaani faili la picha lisilopunguzwa chochote ili kuokoa nafasi. Ukurasa mmoja wa ukubwa wa A4, kwa nukta 400 na rangi kamili, unachukua takriban megabaiti 46, hivyo daftari la kurasa 500 linahitaji takriban gigabaiti 23. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuomba fedha. Kutoka kwenye nakala kuu tengeneza nakala nyepesi za JPEG za kusomea, wala usiiguse nakala kuu tena. Usiisafishe, usiikate kingo, usiondoe madoa. Doa la maji linaweza kueleza kwa nini mistari mitano inayofuata haisomeki.

Majina ya faili yawe mafupi na yasiyo na jina la mgonjwa. Namba ya daftari, mwaka na namba ya ukurasa vinatosha. Piga pia kurasa tupu na majalada, vinginevyo mtafiti hatajua kama ukurasa ulikuwa mtupu au ulirukwa.

Kunakili maandishi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo utafiti mwingi huharibika kimyakimya.

Tuchukue mfano wa mstari mmoja wa rejista ya uzazi iliyotumia ratili na wakia. Chini ya safu ya uzito pameandikwa 5.8. Kwa mkunga aliyeandika, maana yake ni ratili 5 na wakia 8, yaani takriban gramu 2,495, kwa kuwa ratili moja ina wakia 16. Mnakili wa leo akiiona kama desimali, ataisoma ratili 5 na sehemu nane za kumi, yaani gramu 2,631. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto ana uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Kwa nukta moja iliyosomwa vibaya, mtoto amehama kutoka kundi moja hadi jingine, na hakuna atakayegundua, kwa maana gramu 2,631 ni uzito wa kawaida kabisa usiotia shaka.

Tatizo huongezeka pale maandishi hayo yanapoingizwa kwenye programu ya majedwali kama Excel. Ukiandika 5.10, ukikusudia ratili 5 na wakia 10, programu huondoa sifuri ya mwisho na kubakiza 5.1, ambayo itasomwa ratili 5 na wakia 1. Ukiandika 5-8, huigeuza kuwa tarehe. Watafiti wa jenetiki wameumia kwa tabia hiyo kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya baadhi ya jeni, kama SEPT1 na MARCH1, yaliyokuwa yakigeuzwa kuwa tarehe. Tena Excel haizitambui tarehe za kabla ya mwaka 1900 kuwa tarehe, na madaftari mengi ni ya kabla ya hapo. Kwa hiyo weka kila safu kuwa maandishi tangu mwanzo, au tumia fomu maalumu ya kuingizia data, kisha hifadhi katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma, kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8.

Kanuni ya kunakili ni kuandika kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa. Kosa la tahajia libaki. Kifupisho kibaki kifupisho. Alama ya kurudia, vile vistari viwili vinavyomaanisha "kama hapo juu", inakiliwe kama alama, na thamani yake ijazwe katika safu nyingine pembeni, kwa sababu mara nyingine mwandishi aliiweka kwa mazoea tu hata pale hali ya mgonjwa ilipobadilika. Tofautisha mambo manne ambayo wengi huyachanganya: nafasi iliyoachwa wazi, sifuri iliyoandikwa, neno lisilosomeka, na sehemu iliyochanika. Kila moja iwe na alama yake, kwani joto ambalo halikupimwa si sawa na joto lililopimwa likafutika.

Je, mashine inaweza kusoma mwandiko? Inaweza, na programu kama Transkribus hufunzwa mwandiko wa daftari husika kwa kuonyeshwa kurasa zilizonakiliwa na binadamu. Hata hivyo usiridhike kwa kuambiwa kwamba inakosea asilimia 5 tu ya herufi. Tarehe yenye tarakimu sita itasomwa sawasawa ikiwa tarakimu zote sita ni sahihi. Kwa kiwango hicho, makosa yakitawanyika kwa usawa, zaidi ya robo ya tarehe zote zitakuwa na kosa. Sentensi yenye herufi moja iliyokosewa bado inaeleweka, lakini namba iliyokosewa tarakimu moja ni namba nyingine. Kwa sababu hiyo mashine isaidie kwenye maelezo marefu, ilhali safu za namba zinakiliwe na watu wawili wasioonyeshana kazi, kisha nakala zao zilinganishwe, na kila panapotofautiana mtu wa tatu arudi kwenye picha.

Tafsiri ya kitabibu

Maandishi yakishakamilika ndipo tabibu anaingia. Safu mpya zinaongezwa pembeni ya zile za asili: uzito kwa gramu, joto kwa Selsiasi, na msimbo wa ugonjwa. Toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa lilianza kutumika Januari 2022, na linafaa pale ugonjwa unapotambulika wazi. Majina ya kale yanahitaji tahadhari. Neno "phthisis" mara nyingi lilimaanisha kifua kikuu, lakini "dropsy" lilikuwa jina la uvimbe wa maji tu, na chanzo chake kingeweza kuwa moyo, figo au ini. Anayeandika "kushindwa kwa moyo" mahali pa neno hilo amemuongezea daktari wa zamani uchunguzi ambao hakuufanya. Andika uvimbe, weka kiwango cha uhakika, na taja nani aliamua na lini.

Siri ya mgonjwa

Sheria zinatofautiana. Nchini Marekani kanuni ya faragha ya HIPAA hulinda taarifa za afya za mtu kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, ilhali kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya haiwahusu waliofariki, ingawa nchi wanachama zinaweza kujiwekea masharti yao. Soma sheria ya mahali daftari lilipo, lakini usiishie hapo. Rekodi ya ugonjwa wa akili, wa zinaa au wa kurithi inamgusa mjukuu aliye hai, hata kama babu yake alishazikwa zamani.

Tenganisha majina na data. Kila mgonjwa apewe namba isiyotokana na jina wala tarehe yake ya kuzaliwa, na jedwali linalounganisha namba na jina lifungwe kwa usimbaji fiche, lisisomeke bila ufunguo, mahali pengine, chini ya mtu mwingine. Kumbuka kwamba kufuta majina kwenye jedwali hakufuti majina kwenye picha. Kinachoweza kuwekwa wazi kwa kila mtu kwa kawaida ni maelezo ya mkusanyo, yaani ni madaftari gani, ya miaka ipi, yenye safu zipi, na ombi la kuyatumia linapelekwa wapi.

Kuyaweka yadumu

Weka nakala tatu, katika aina mbili za vyombo vya kuhifadhia, na moja kati yake iwe mbali na jengo hilo. Mimi naongeza sharti kwamba nakala moja isiunganishwe na mtandao wowote. Shambulio la mtandaoni dhidi ya Maktaba ya Uingereza mnamo Oktoba 2023 lilizima huduma zake nyingi kwa miezi kadhaa, na moto wa Septemba 2018 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Brazil. Hatari hizo mbili hazifanani, na nakala ya aina moja haiwezi kuzikinga zote.

Kwa kila faili kokotoa alama ya uhakiki, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao kompyuta huutoa kutokana na yaliyomo kwenye faili, kwa mfano kwa kanuni ya SHA-256, na uihifadhi kwenye orodha ya pembeni. Ikokotoe upya angalau mara moja kwa mwaka. Ikibadilika ilhali hakuna aliyeligusa faili, faili limeharibika, nawe utalirejesha kutoka nakala nyingine kabla uharibifu haujaigwa kote. Pamoja na faili weka waraka wa maandishi ya kawaida unaoeleza kila safu, kila kifupisho, kipimo kilichotumika na maamuzi yaliyofanywa njiani, ikiwemo yale ambayo timu haikukubaliana.

Madaftari yenyewe yasitupwe. Yafute vumbi kwa brashi laini, yalaze kwenye maboksi yasiyo na tindikali, na uandike juu ya kila boksi, kwa penseli, namba ileile iliyomo kwenye majina ya faili, ili siku mtafiti atakapotilia shaka ile 5.8 aweze kulifungua daftari na kuutazama wino wenyewe.