Namna ya Kusoma Vifungu vya Hukumu na Upekee wa Mungu katika Maandiko ya Kiebrania

Msomaji anayefungua vitabu vya manabii wa Kiebrania hukutana upesi na mambo mawili yanayorudiwa bila kuchoka: kwamba Mungu wa Israeli anahukumu, na kwamba hakuna mwingine kama yeye. Mazoea ya wengi ni kuyatenganisha, hukumu ikawekwa katika fungu la maadili na upekee katika fungu la imani. Wakisoma hivyo, hukumu hubaki kuwa ghadhabu tupu, na upekee hubaki kuwa hesabu, yaani moja badala ya wengi. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ya kuyasoma yote mawili kama kesi moja, kwa sababu ndivyo maandiko yenyewe yanavyoyaleta mara nyingi, yakiwa na mashtaka, mashahidi na hakimu ambaye hukumu yake haikatiwi rufaa popote.

Utahitaji Biblia, na ikiwezekana tafsiri mbili, mojawapo ikiwa ile ya Union, pamoja na daftari. Kujua Kiebrania si sharti, ila maneno matatu au manne ya lugha hiyo yatakufaa sana.

Anza na kifungu kifupi. Kosa la kawaida ni kuanza na Ezekieli, kitabu chenye sura 48, na kukata tamaa kabla ya kufika katikati. Mimi humshauri kila anayeniuliza aanze na Zaburi ya 82, yenye mistari minane tu, aisome mara tatu kwa sauti kabla ya kuandika lolote.

Ukishaisoma, kazi ya kwanza ni kuangalia Mungu anaitwaje. Katika tafsiri ya Union, neno BWANA likiandikwa kwa herufi kubwa zote linasimama mahali pa jina lile la herufi nne, YHWH, ambalo Wayahudi kwa heshima hawalitamki. Neno «Mungu», kwa upande wake, kwa kawaida linasimama mahali pa elohim. Hapa pana jambo ambalo Kiswahili hulificha bila kukusudia. Elohim kwa umbo lake ni neno la wingi, na Kiebrania hakina herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo msomaji hutambua kama anayetajwa ni Mungu mmoja au ni miungu wengi kwa kutazama kitenzi na maneno yaliyo jirani. Katika mstari wa kwanza wa zaburi hii neno hilo linatokea mara mbili, kwanza likiwa na kitenzi cha umoja, kisha likiwa baada ya neno lenye maana ya «katikati ya», linalodai wengi. Mfasiri wetu ameandika kwamba Mungu anasimama na kwamba anahukumu katikati ya miungu. Msomaji wa Kiebrania huliona neno lilelile mara mbili na kulazimika kuamua mwenyewe, na mshtuko huo mdogo ni sehemu ya ujumbe, kwa maana mahakama inafunguliwa na washtakiwa wana cheo kilekile anachoitwa nacho hakimu.

Sasa andika katika daftari majibu ya maswali haya: nani anahukumu, nani anashtakiwa, shtaka ni lipi, na hukumu ni ipi. Katika Zaburi ya 82 majibu hayachukui muda. Washtakiwa ni hao miungu. Shtaka ni kwamba wamehukumu kwa dhuluma, wakawapendelea waovu, wakawaacha maskini, yatima na aliyeonewa. Hukumu ni kwamba watakufa kama wanadamu. Angalia kile ambacho hakikutajwa. Hawakushtakiwa kwa udhaifu, wala kwa kushindwa kuleta mvua, wala kwa kushindwa vitani. Wameondolewa katika uungu kwa sababu hawakumtetea yatima. Wako wafasiri, wakiwamo Wayahudi wa kale, wanaoelewa kwamba «miungu» hapa ni waamuzi wa kibinadamu waliopewa mamlaka. Wengine wanaona ni viumbe wa mbinguni waliodhaniwa kusimamia mataifa. Naegemea maoni haya ya pili, kwa kuwa kumwambia binadamu kwamba atakufa kama binadamu si hukumu, lakini vyovyote utakavyochagua, shtaka halibadiliki. Mstari wa mwisho unamwomba Mungu asimame aihukumu nchi kwa kuwa mataifa yote ni urithi wake. Upekee wake umefikiwa kwa njia ya hukumu ya haki, na neno «mmoja» halikutumika kumhusu yeye hata mara moja.

Kabla ya kwenda mbali, litengeneze vizuri neno «hukumu» kichwani mwako. Katika mazungumzo yetu ya kila siku mtu akisema amehukumiwa, tunaelewa ameadhibiwa. Neno la Kiebrania mishpat lina uwanja mpana zaidi: ni uamuzi wa mahakama, ni haki anayostahili mtu, na pia ni utaratibu mwema wa jamii. Yatima kufanyiwa mishpat ni kupewa haki yake. Kitenzi shafat, kinachotokana na mzizi huohuo, ndicho kilichozaa jina la kitabu cha Waamuzi, na kina Debora na Gideoni hawakuwa mahakimu wa kutoa vifungo tu, waliokoa watu. Kwa hiyo kila unapokutana na neno «hukumu», jiulize ni habari mbaya kwa nani na ni habari njema kwa nani. Isaya 5:7 inalicheza neno hili kwa namna isiyofasirika: Mungu alitazamia mishpat akaona mispah, yaani umwagaji wa damu au dhuluma, alitazamia tsedaka, yaani haki, akasikia tse'aka, yaani kilio. Sauti zinakaribiana, maana zinatazamana kama maadui. Neno jingine la kulijua ni riv, yaani shauri au ugomvi wa kisheria, ambalo tafsiri ya Union katika Hosea 4:1 imelipa jina zuri la zamani, «mateto». Ukiliona hilo, jua kesi inafunguliwa.

Ukishaizoea Zaburi ya 82, nenda kwa Amosi, sura ya 1 na ya 2. Chukua ramani ya nchi zile za kale, kwa kuwa bila ramani sura hizi hugeuka orodha ya majina. Nabii anaanza na Dameski, kisha Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, ndipo anaingia Yuda, na mwisho Israeli, ufalme wa kaskazini aliokuwa akiuhubiria. Weka kidole kwenye ramani kila jina linapotajwa, nawe utaona jinsi duara linavyozunguka na kumfunga msikilizaji katikati. Watu waliokuwa wakiitikia «haswa!» kila jirani alipotajwa wanajikuta zamu imewafikia, tena shtaka lao ndilo refu kuliko yote, nalo linaanza na kumwuza mwenye haki kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu.

Simama kidogo kwenye shtaka la Moabu, Amosi 2:1. Moabu anahukumiwa kwa sababu aliiteketeza mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Mkosaji si Mwisraeli. Aliyekosewa pia si Mwisraeli. Moabu alikuwa na mungu wake, Kemoshi, na kwa mawazo ya zama zile ugomvi wa Moabu na Edomu ulikuwa wa Kemoshi na mungu wa Waedomu kuumaliza. Hata hivyo, anayetoa hukumu ni BWANA, naye haombi ruhusa ya mtu. Mstari huu hausemi popote kwamba hakuna mungu mwingine, lakini mahakama yenye mamlaka juu ya kesi kama hiyo haina nafasi ya hakimu wa pili. Nasisitiza hili kwa kuwa wasomaji wengi hutafuta upekee wa Mungu pale tu unapotamkwa, na kuupita pale unapotendwa.

Kulinganisha kidogo na majirani kunafaa, mradi kufanywe kwa uangalifu. Mwaka 1868, huko Dhiban, katika nchi ambayo leo ni Yordani, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK, ambalo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mesha anaeleza kwamba Israeli waliitesa Moabu kwa sababu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Basi usiseme kwamba wazo la mungu kuwapiga watu wake mwenyewe lilikuwa la Israeli peke yao. Tofauti itafute katika mambo mawili: sababu ya hasira, ambayo manabii huitaja waziwazi kama dhuluma na uvunjaji wa agano, na upana wa mamlaka, ambayo kwa Amosi inafika mpaka kwa majirani wasiomwabudu BWANA.

Hatua inayofuata ni kuweka kila kifungu katika wakati wake. Samaria, mji mkuu wa ule ufalme wa kaskazini, ilianguka mbele ya Waashuri karibu na mwaka 722 KK. Yerusalemu na hekalu lake viliangamizwa na Wababeli mwaka 587 au 586 KK. Koreshi wa Uajemi akauteka Babeli mwaka 539 KK. Tarehe hizi tatu zinatosha kwa kuanzia. Ile ya kati ndiyo yenye uzito, kwa sababu kwa hesabu ya kawaida ya enzi hizo hekalu likichomwa, mungu wake ameshindwa, na watu waliohamishwa walipaswa kumsujudia Marduki, mungu mkuu wa Babeli. Manabii waliikataa hesabu hiyo kwa kusema kwamba BWANA mwenyewe ndiye aliyeuhukumu mji wake. Ni maneno makali, nayo ndiyo yaliyoiokoa imani. Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni, anarudia zaidi ya mara 60 tamko la Mungu kwamba watu watajua kuwa yeye ndiye BWANA, na mara nyingi tamko hilo linafuata tangazo la hukumu.

Hapo utakuwa tayari kwa Isaya 40 hadi 48, mahali panapotamkwa upekee kwa nguvu kuliko kwingine kokote. Usiharakishe. Katika sura ya 41 miungu ya mataifa inaitwa mahakamani ilete hoja zake: iseme mambo ya kwanza yalikuwa nini, au itabiri yajayo, au itende lolote, jema au baya. Hakuna jibu. Katika sura ya 43 mashahidi wanaitwa, na mashahidi wa BWANA ni walewale waliokwisha kuhukumiwa, watu vipofu wenye macho. Sura ya 44 inamleta seremala aliyekata mti, nusu akaiwasha moto akaota na kuoka mkate, na iliyobaki akaichonga akaisujudia. Kejeli hiyo ni kali, na ni haki kusema kwamba mwabudu sanamu mwenyewe asingeieleza dini yake hivyo. Lakini tuko mahakamani, na wakili hasemi kwa niaba ya upande wa pili. Katika sura ya 45 Koreshi, mfalme wa kigeni asiyemjua BWANA, anaitwa masihi wake, na papo hapo linafuata tamko kwamba zaidi yake hapana Mungu.

Mstari wa 45:7 huwasumbua wengi, kwa kuwa tafsiri ya Union inasema Mungu anahuluku, yaani anaumba, ubaya. Neno la Kiebrania ni ra, linaloweza kumaanisha uovu wa moyo au maafa. Katika mstari huu limewekwa kinyume cha shalom, yaani amani, si kinyume cha wema, kwa hiyo «maafa» ndiyo maana inayokaa vizuri. Hata hivyo usilainishe kupita kiasi: nabii anakataa kuwa na mungu wa pili wa kubebeshwa giza.

Katika daftari, tenga ukurasa wa kupima nguvu ya kila tamko. Kutoka 15:11 inauliza ni nani katika miungu aliye kama BWANA, na katika Waamuzi 11:24 Yeftha, mwamuzi wa Israeli, anazungumza na Waamoni kana kwamba Kemoshi naye huwapa watu wake nchi. Kumbukumbu la Torati 32:39 na Isaya 45 zinakwenda mbali zaidi, zikikana kabisa kuwapo kwa mwingine. Hata Kumbukumbu la Torati 6:4 linaweza kusomwa kuwa «BWANA ni mmoja» au «BWANA peke yake». Acha kila kifungu kiseme kiasi chake.

Kisha uliza swali moja ambalo wasomaji wa hukumu husahau: je, imekwisha kukatwa, au ni onyo? Yeremia 18:7-10 inaeleza kwamba taifa likigeuka, Mungu naye hughairi mabaya aliyokusudia. Mfano wake halisi uko katika Yeremia 26. Wazee wanamtetea Yeremia asiuawe kwa kukumbusha maneno ya Mika 3:12, kwamba Sayuni italimwa kama shamba, na jinsi mfalme Hezekia alivyomcha BWANA, na maafa yasitokee wakati huo. Hawakumhesabu Mika kuwa nabii wa uongo. Walimhesabu kuwa nabii aliyesikilizwa.

Mwisho soma Ayubu 9, kisha urudi kwenye Mwanzo 18:25, ambapo Ibrahimu anamwuliza Mhukumu wa ulimwengu wote kama hatatenda haki. Ayubu anaona ugumu ambao Ibrahimu aliugusa tu: kama hakimu ni mmoja, na ndiye pia anayekutesa, utampeleka wapi? Analalamika kwamba hapana mwamuzi wa kuweka mkono juu yao wote wawili. Usikimbilie kumjibu kwa niaba ya Mungu, kama walivyofanya rafiki zake kwa sura nyingi. Andika malalamiko yake kwa maneno yako mwenyewe, kisha ufungue 42:7 uone hasira ya BWANA imewaka juu ya nani.