Mplamu mmoja, aina tatu: usiache tawi lenye nguvu litawale

Wengi mnaobebesha plamu huku milimani, Lushoto na kwingineko, yaani mnaopachika vikonyo (vijiti vya aina nyingine) kwenye mti mmoja, mnafurahi vikonyo vikichipua, halafu mnauacha mti. Hapo ndipo kazi inapoanza. Aina hazikui kwa kasi moja, na ile yenye nguvu itawafunika wenzake. Mimi nilipoteza tawi la Santa Rosa, aina mojawapo ya plamu, hivyo hivyo: tawi la jirani lilipanda juu, likalitia kivuli, nalo la Santa Rosa likadhoofika hadi likakauka.

Sasa aina dhaifu naibebesha juu, karibu na katikati ya mti, kwenye jua la kutosha. Yenye nguvu naiweka tawi la chini, pembeni. Ikianza kukimbia, naivuta kwa kamba hadi ilale kiasi, nafunga kwenye kigingi. Tawi lililolala hupunguza kasi na huwahi kutoa maua. Likizidi bado, lipogoe baada ya kuvuna. Lile dhaifu usiliguse, liache lijenge majani kwanza.

Nailoni ya kufungia kikonyo ilegeze mara kiungo, pale kikonyo kilipopachikwa, kikishikana vizuri, maana ikisahaulika inakata ganda. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe yakiwa bado laini.

Na tafadhali, funga kitambaa cha rangi tofauti kwa kila aina, kwa kulegea. Kijana wa kupogoa hajui lipi ni lipi, na Methley yako, aina nyingine ya plamu, inaweza kuwa na tawi moja tu.