Mpira wa kwanza kwenye besiboli: uupige au uuache?

Kila nikisimama pembeni ya uwanja na vijana wetu hapa Mbeya kuna swali halikosi, kochi mpira wa kwanza wa zamu yangu niupige au niuache, na kila mzazi aliyeangalia besiboli kwenye simu mara mbili tatu tayari ana jibu lake na analitoa kwa sauti. Mimi nimeshalijibu vibaya mara mbili, kila mara kwa namna yake, ndo maana naandika hapa.

Kwa wanaoingia leo: mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwenye sahani, mpigaji ana rungu mkononi (ukisema bati huku mtu anajua unaezeka nyumba), mpira ukipita juu ya ile sahani ya sentimita 43, kati ya magoti na kifua, na hujaupiga, ni straiki, tatu uko auti. Ukipita nje ya hapo na hujauzungushia rungu ni boli, nne unaenda besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha kukimbilia) bure kabisa. Hesabu inasomwa boli kwanza halafu straiki, kwa hiyo ukiambiwa uko 0-1 una straiki moja, 1-0 una boli moja.

Kosa la kwanza. Tulikuwa na mechi ya kirafiki na timu moja kutoka upande wa Iringa, nikawaambia watoto wote, wa kwanza acheni, tumsome huyu jamaa ana nini. Kumbe yeye ndo anatusoma sisi. Mpigaji wa kwanza kaacha, wa pili kaacha, kufika wa tatu jamaa kashajua hawa hawapigi wa kwanza, akaanza kuweka mpira katikati kabisa, wa polepole, umenona kama parachichi la Tukuyu, watoto wanauangalia unapita na refa anaita straiki. Kila mtu anaanza 0-1, halafu hapo ndo anatuletea ya kupinda inayoishia kwenye vumbi na sisi tunaifukuza.

Marudiano nikageuza kibao, wa kwanza ukija wowote chapa. Raundi ya kwanza tukatoka auti tatu kwa mipira minne, na auti tatu ndo mwisho wa zamu ya timu. Asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, mrushaji hata sweta hakuvua.

Sasa kuna namba moja itakupoteza ukianza kufuatilia mambo haya, naomba tukae nayo kidogo. Kwenye ligi kuu ya Marekani wapigaji wanaomaliza zamu yao kwa mpira wa kwanza wanapata hiti (wanaupiga na kufika besi salama) kwenye mara 330 na ushee kati ya 1,000. Hiyo ni kubwa sana, wastani wa ligi nzima miaka hii ni kama 240 au 250. Mtu akiona hivyo anasema basi kila mtu apige wa kwanza tumemaliza. Subiri. Ile namba inahesabu mipira iliyoguswa ikaingia uwanjani tu (au ikadakwa). Aliyezungusha rungu akakosa hayumo, aliyeupiga ukatoka faulo (nje ya mistari ya uwanja, na kwa mpira wa kwanza nayo ni straiki) hayumo, hao wote wamehamia kwenye 0-1 na zamu yao inaendelea. Ni sawa na mkulima anayekuhesabia mashimo ya mahindi yaliyoota tu halafu anakuambia shamba lake halijawahi kukataa mbegu. Ukiwa na straiki mbili ukakosa, kule kukosa kunahesabika kama auti, kwenye mpira wa kwanza hakuhesabiki, sasa unalinganishaje?

Ila usiitupe yote, kuna ukweli ndani yake. Wakishakuwa 0-1 wapigaji haohao wanashuka mpaka kwenye 220 hivi, wakiwa 1-0 wanapanda kwenye 260 na kitu, yaani ule mpira mmoja unahamisha mambo kweli. Na warushaji wanalijua hilo, ndo maana kama 6 kati ya 10 ya mipira ya kwanza inaishia straiki, wakati wapigaji wanazungusha rungu kwenye kama 3 tu kati ya 10. Kwa hiyo mara nyingi mpira mzuri unapita bure, na huenda ndo ulikuwa mzuri kuliko yote utakayoiona kwenye zamu hiyo, maana mrushaji akishakuwa mbele ya hesabu hana sababu ya kukuwekea kingine katikati.

Jibu langu nililipata soko la Mwanjelwa, sio uwanjani. Nenda siku wanafungua belo la mitumba. Anayekuja kuangalia tu anaishia kuangalia, na anayedaka chochote cha kwanza anarudi nyumbani na koti la mtoto wa miaka minne. Yule dada mzoefu amekuja na kitu kichwani, shati jeupe la kola saizi fulani, kikitoka hicho hata kama ndo cha kwanza kabisa mkono wake ushafika, kisipotoka anatulia na wala hasumbuki. Hivyohivyo ndo unavyokaa kwenye sahani, unaamua kabla, ukiwa bado unasubiri zamu, ni mpira gani utaupiga na upite wapi, halafu wa kwanza ukiwa huohuo unaupiga bila huruma, ukiwa mwingine hata kama ni straiki unauacha. Ndiyo, hata kama ni straiki. Una mbili bado.

Kwa nini kabla? Kwa sababu mpira wa mtu mzima anayerusha kwa nguvu unafika chini ya nusu sekunde na hapo katikati hakuna muda wa mjadala. Ukiwa unajiuliza "huu nipige?" ushachelewa, rungu linatoka nusunusu, na mpira wa ndani (unaopita karibu na mwili wako) ukigonga karibu na mpini kwenye baridi unasikia umeme mpaka kwenye kiwiko. Nina kijana mmoja alikuwa hapigi kabisa wa kwanza, nikadhani ni nidhamu ya hali ya juu, namsifia mbele ya wenzake, kumbe mikono yake imeganda tu, anasubiri ipate moto.

Namna ya kuchagua: ligawe eneo la straiki mafungu manne, juu ndani, juu nje, chini ndani, chini nje. Chagua moja, lile ambalo mazoezini mpira unatoka ukiimba. Mengine yote kwa mpira wa kwanza hayakuhusu. Halafu chagua na aina, na kwa wengi wetu itakuwa mpira wa kasi ulionyooka kwa sababu ndo warushaji wengi wanaanza nao. Mwangalie mrushaji wakati wenzako wanapiga, anawaanzaje? Watatu mfululizo kawaanza kwa mpira ulionyooka wa nje, wewe unasubiri nini? Simama ukiusubiri huohuo.

Kingine ni mambo ya huku juu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, Denver kule Marekani ni kama 1,600, na uwanja wao wa Coors Field unajulikana dunia nzima kwamba hewa ni nyepesi, mpira ukipigwa unaenda mbali zaidi na ule wa kupinda haupindi vizuri. Sisi tuko juu kuwazidi! Kwa hiyo mrushaji akitoka Dar na mpira wake wa kupinda aliozoea, huku unaweza kumfikia mpigaji umenyooka kidogo na uko wa polepole. Mpira wa namna hiyo ukija wa kwanza na upo kwenye fungu lako, ruhusa unayo. Mimi kwa kawaida siwaambii watoto wapige wa kupinda kwa mpira wa kwanza, huku nimelegeza.

Hali ya mchezo nayo inabadilisha uamuzi. Mrushaji katoka kutoa boli nane mfululizo, watu wawili wamepewa besi za bure, wewe unaingia. Kwa wanaojifunza kama sisi nasema acha, hajajua sahani iko wapi, usimsaidie. Kwa mrushaji mzoefu ni kinyume, huyo hataki kutoa boli ya tisa, atakuja katikati kujirekebisha, kaa tayari. Kuna mwenzako besi ya pili au ya tatu na auti ni mbili? Ongeza njaa kidogo. Mrushaji wao kachoka, anashika kiuno, anachelewa kurudi kilimani (kile kituta anachorushia)? Muache arushe, kila mpira unaouacha unamla, na kwa watoto mipira ina kikomo kwa siku, kwenye Little League, ligi ya watoto ya Marekani, wenye miaka 11 na 12 hawazidi 85.

Wakubwa wenyewe hawakubaliani. Wade Boggs, mpigaji wa zamani wa ligi kuu ya Marekani, alikuwa hagusi mpira wa kwanza karibu maisha yake yote na alichukua ubingwa wa wastani wa upigaji mara tano. Upande wa pili nenda Los Angeles tarehe 25 Oktoba 2024, fainali ya Dodgers na Yankees, mechi ya kwanza, raundi ya 10, Dodgers wako nyuma 3-2, wana auti moja na watu wawili kwenye besi. Yankees wanamwingiza mrushaji Nestor Cortes aliyekaa zaidi ya mwezi bila kucheza. Mpira wake wa kwanza Ohtani wa Dodgers anaupiga pembeni, unadakwa, auti mbili. Anayefuata, Betts, wanampa besi ya bure makusudi, besi zote zimejaa. Anaingia Freddie Freeman, kifundo cha mguu kinamuuma, mpira wa kwanza wa kasi kwa ndani, akaupeleka jukwaani, 6-3, watu nyumbani. Sasa usiangalie homu rani tu, angalia mahali. Besi zimejaa, mrushaji hana pa kumweka mtu mwingine, boli nne ni rani ya kusawazisha (aliye besi ya tatu anasukumwa mpaka nyumbani), kwa hiyo ana kila sababu ya kuanza na straiki. Ukiingia kwenye hali kama hiyo na mpango wako ni "niuone kwanza wa kwanza", umemwachia zawadi yake.

Mazoezi yenyewe ni rahisi, hayataki hela. Sisi tumefunga kamba mbili kati ya mianzi miwili, moja kwenye magoti nyingine kwenye kifua, na kamba ya tatu katikati wima kwa hiyo unapata mafungu manne. Anayerusha anatumia mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu. Mpigaji kabla hajasimama anataja fungu lake kwa sauti. Mpira ukitoka mkononi mwili wake unaanza kwenda, mguu wa mbele unatua, yaani jibu ni ndiyo ndiyo ndiyo mpaka jicho liseme hapana ndo rungu lisimame. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na hapana halafu wanatafuta ndiyo, haipatikani. Mipira kumi kila mtu, na kila mmoja unahesabika kama wa kwanza, hakuna wa pili. Nahesabu makosa ya aina mbili tu: umepiga usio wako, umeacha uliokuwa wako. Kukosa hakuhesabiwi. Na wale wadogo kabisa, miaka nane tisa, hawa achana nao na mahesabu, wapige tu, mtoto hajifunzi kupiga kwa kuacha.

Utatoka auti kwa mpira wa kwanza, itatokea, na jukwaani atakuwepo mjomba wa mtu anayesema si angeuacha. Muache aongee. Kazi yako ukirudi, kabla hujakaa wala hujanywa maji, ni kumwambia anayefuata umeona nini: wa kasi au wa kupinda, ulipita wapi, ulikuja kama ulivyoudhania? Wetu mmoja juzi alitoka hivyo, mpira umedakwa, kavua kofia anakimbia huku anapiga kelele kwa mwenzie, "Wa juu ndani, umenyooka, na anaurudia!" Mwenzie akaenda kuusubiri hapohapo.