SOMO: Jinsi ya kuchagua samaki wadogo wanaozaa kwa akwariamu ya nyumbani

Wakuu habari zenu. Nimeulizwa sana mtu aanze na samaki gani kama anataka kuwaona wakizaliana mwenyewe nyumbani, leo naweka somo lote. Anza na samaki wanaozaa, yaani gapi, plati, moli na sodteli, hawa hawatagi, mayai yanaanguliwa humo humo tumboni na vifaranga wanatoka wakiwa hai wanaogelea. Kuwazalisha hakuhitaji utaalamu, dume na jike wakiwa kwenye maji mazuri watamaliza wenyewe, kazi iko kwenye kuchagua na hapo ndo wengi wanakosea.

HATUA YA 1: Tanki kwanza, samaki baadae
Lita 40 zinatosha kuanzia kwa gapi au plati. Weka maji yaliyoondolewa klorini, washa filta (chukua ya sponji maana haivuti vifaranga) halafu subiri. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia ambayo ni sumu, na bakteria wa kuimaliza wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Mimi sikusubiri, samaki wangu wa kwanza wote walikufa ndani ya wiki moja na iliniuma sana, ndo maana nasisitiza.

HATUA YA 2: Chagua aina kufuatana na maji yako
Wote wanapenda maji magumu kidogo, yale ambayo sabuni haitoi povu vizuri, na joto la nyuzi 24 hadi 26 linawafaa. Moli ndo anadai zaidi, kwenye maji laini anadhoofika, tena anakua mkubwa kwa hiyo usimuweke chini ya lita 80. Sodteli yule wa mkia kama upanga naye anataka tanki refu lenye mfuniko, anaruka kweli, na madume wanagombana. Gapi ana rangi nzuri kuliko wote ila wale waliofugwa kwa mikia mikubwa sana wengine ni dhaifu. Mimi mtu akiniuliza namwambia plati, mpole, mgumu, na hakui zaidi ya sm 6 hivi.
Plati na sodteli wanapandana, ukitaka mbegu safi usiwachanganye.

HATUA YA 3: Tofautisha dume na jike
Angalia pezi la chini nyuma ya tumbo. La jike limefunguka kama feni, la dume limechongoka kama kijiti. Chukua dume 1 kwa majike 2 au 3, maana dume anamkimbiza jike kutwa nzima na jike akiwa mmoja hapumziki hata kula anashindwa.

HATUA YA 4: Kaa uwaangalie kabla hujalipa
Dakika kumi zinatosha. Mapezi yaliyobana mwilini, vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, tumbo lililoingia ndani, mgongo uliopinda, anayejisugua kwenye mawe, ukiona hata mmoja wa hivyo acha tanki lote usichague aliye mzima humo, maji ni yale yale.

MASWALI

Swali: Mkuu jike langu lipo peke yake mwezi wa pili sasa na limezaa tena, inakuwaje?
Jibu: Kawaida kabisa. Jike anatunza mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, anaweza kuzaa mara kadhaa kwa kupandwa mara moja tu, kila baada ya wiki 4 hivi.

Swali: Nitajuaje anakaribia, na mbona anakula watoto wake?
Jibu: Doa jeusi karibu na lile pezi la chini linakolea na tumbo linakuwa kama la mraba. Kifaranga anatoka amejikunja, anazama kidogo, ananyooka halafu anakimbilia kujificha, asipopata pa kujificha analiwa hata na mama yake. Jaza mimea yenye majani membamba pamoja na java mosi (mmea wa majini unaofanana na ukoga wa kijani), ni bora kuliko kumfungia mama kwenye kiboksi akapata presha bure.

Swali: Vifaranga wale nini?
Jibu: Fleki (chakula cha samaki cha vipande vyembamba vikavu) zilizosagwa kuwa unga, kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Ukipata artemia (vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba) waliototolewa karibuni, vifaranga wanakua haraka zaidi. Kiini cha yai kinafaa ila kinachafua maji upesi.

Swali: Wakijaa je, naweza kuwaachia mtoni?
Jibu: Hapana, tafadhali sana. Gapi walipelekwa nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu, wakasambaa na sehemu nyingine wameleta shida kwa samaki wa asili. Wape wafugaji wengine, na tenga madume mapema kabla hawajafika wiki ya 6. Kama hutaki vifaranga kabisa nunua gapi madume watupu, wanakaa vizuri tu.